Shaaban Robert na Hasidi aliyemo ndani yetu



Wiki hii siwaletei mtakatifu. Mmezoea hapa kusoma maisha ya kina Karoli Lwanga, Bakhita na Carlo Acutis, kwa hiyo mkiniambia frateri leo umepotea njia, nitawaelewa. Ninayewaletea alikuwa karani wa serikali, Mwislamu, mtu wa Tanga, na sina mpango wowote wa kumbatiza baada ya kufa. Ni Shaaban Robert. Najua wengi wenu mlikutana naye kwenye mtihani wa Kiswahili, mkakariri dhamira na maudhui, mkapata alama zenu mkaachana naye hapo. Mimi nataka leo kumtoa kwenye karatasi ya mtihani.

Sababu ni swali. Mwaka huu wa uchungaji nipo Enguserosambu, upande wa Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, karibu kabisa na mpaka wa Kenya. Huku kuna msitu mkubwa, kuna ukungu na baridi ya asubuhi inayokufanya upende chai kuliko kawaida, na kuna vijana wanaouliza maswali bila kuzunguka. Mmoja wao aliuliza hivi: hadithi za kubuni ni uongo, na amri ya nane inakataza uongo, sasa kwa nini frateri anabeba riwaya kwenye mkoba pamoja na Biblia? Hakuwa anatania. Kwake habari za kweli ni simba aliyemla ndama jana usiku. Simba anayeongea ni wa nini?

Nilimwuliza kama koko wake, bibi yake anayewasimulia watoto hadithi jioni, ni mwongo. Akacheka, akasema hapana, koko anafundisha. Basi tukaanzia hapo.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 Vibambani, karibu na Machui, nje kidogo ya mji wa Tanga. Nchi ilikuwa bado chini ya Wajerumani. Asili ya wazazi wake ni Wayao, lakini yeye alijihesabu Mswahili. Hilo jina la Robert lisiwachanganye, maana wapo wanaodhani alikuwa Mkristo. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, wakati huo Mwingereza ameshachukua nchi, na baada ya hapo akaajiriwa kuwa karani wa forodha. Alifanya kazi hiyo miaka mingi, Pangani na vituo vingine.

Hebu fikirini kazi ya forodha kidogo. Mtu anakuja na sanduku, karani anamwuliza ana nini ndani, yule anataja nguo na sufuria, kisha sanduku linafunguliwa. Sijui kama Shaaban aliwahi kuiona kazi yake kwa jicho hili, ila mimi kila nikisoma vitabu vyake nalikumbuka lile sanduku. Tunachotangaza mdomoni na kilichomo ndani mara nyingi ni vitu viwili.

Mwaka 1944 alihamishiwa Mpwapwa, idara ya wanyamapori. (Huku niliko, idara hiyo ikitajwa tu watu wote wanatega masikio, lakini hiyo ni habari nyingine.) Mwaka 1946 akarudi Tanga, akafanya kazi kwenye ofisi ya wilaya, na baadaye ofisi ya upimaji ardhi. Yaani karibu maisha yake yote ya kazi alikuwa mtu wa kalamu na mafaili ya serikali ya kikoloni. Kwenye serikali ile Mwafrika, hata awe hodari namna gani, alikuwa na dari yake. Mshahara na cheo vilifuata rangi ya ngozi. Shaaban aliyaona hayo kila siku ofisini, na jioni akirudi nyumbani alikuwa anaandika.

Nyumbani nako hakukuwa shwari. Mke wake wa kwanza, Amina, alifariki na kumwachia watoto. Alimwandikia shairi la maombolezo lenye jina lake, shairi ambalo watu wa pwani bado wanalijua. Aliwaandikia watoto wake tenzi za malezi, moja kwa binti na moja kwa mwana, na zote mbili zimo ndani ya kitabu alichokiandika kuhusu maisha yake mwenyewe. Aliandika pia wasifu wa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa Zanzibar aliyetokea kwenye ufukara kijijini Fumba. Kitabu hicho kilitoka 1958. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha macho ya mtu huyu. Siti alidharauliwa kwa umaskini wake na kwa sura yake. Shaaban, mtu aliyeheshimika, alikaa chini akaandika maisha ya mwanamke huyo kwa adabu ileile ambayo wengine waliwawekea masultani.

Sasa tuje kwenye riwaya, maana ndiko swali la yule kijana lilikoelekea.

Mwaka 1951 ilitoka Kusadikika. Ni nchi isiyokuwepo, inaelea hewani. Kijana aitwaye Karama anashtakiwa na waziri, jina lake Majivuno, kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Anapewa siku sita za kujitetea. Na angalieni anavyojitetea! Hajisifu, na wala hamtukani waziri. Anasimulia. Kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja kati ya sita waliowahi kutumwa na nchi yao huko na huko, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wakatafute mambo mema ya kuijenga nchi. Waliteseka njiani, na waliporudi na mema hayo wakatupwa gerezani. Wakubwa wa nchi wanasikiliza habari za watu wengine, na polepole wanajikuta wamo ndani yake. Mwishoni Karama anaachiwa, na wajumbe wale wanafunguliwa.

Karani wa serikali ya kikoloni anaandika hivyo mwaka 1951. Angeandika makala ya kuisema serikali waziwazi, sidhani kama kazi angebaki nayo. Aliandika habari za nchi ya hewani, na kila aliyesoma alijua ni nchi gani. Lakini mimi naona wanaosema kitabu hiki kinahusu ukoloni tu wanakipunguza. Uhuru umepatikana na Majivuno hajafa. Yumo kwenye kamati za harusi. Yumo kwenye kwaya, yule kiongozi anayeona kijana akijifunza kinanda kana kwamba amepinduliwa. Niseme ukweli, hata kwenye nyumba za malezi ya mapadre, sisi wenyewe kwa wenyewe, tunamjua.

Hapa wale mnaosoma Biblia mmeshamkumbuka Nathani. Daudi amemchukua mke wa Uria na amemwua mwenyewe vitani. Nabii anaingia kwa mfalme. Akimwambia moja kwa moja kwamba ni mwuaji, mfalme ana majibu, ana wanasheria, ana walinzi. Nathani anamsimulia hadithi ya tajiri mwenye kondoo wengi na maskini mwenye mmoja. Hadithi ya kubuni kabisa! Daudi anamkasirikia tajiri yule mpaka anatoa hukumu, na hukumu inamrudia kichwani. Ile amri ya nane haikuvunjwa pale. Aliyekuwa anaishi kwenye uongo ni mfalme, na hadithi ndiyo iliyomtoa. Bwana wetu naye alipotaka kuwaeleza watu juu ya Baba hakuanza na ufafanuzi. Alianza na mtu mmoja aliyekuwa na wana wawili, na hakuna anayeuliza wana hao walizaliwa kijiji gani.

Nilisoma falsafa miaka mitatu, na sitaidharau, imenilisha. Aristotle alishasema zamani kwamba mtunzi ana undani kuliko mwandishi wa historia, kwa kuwa historia inasema lililotokea mara moja na mtunzi anasema yanayoweza kumtokea binadamu yeyote. Mtakatifu Thomas wa Akwino ndiye aliyenifundisha kwamba husuda ni huzuni anayoipata mtu kwa sababu ya mema ya mwenzake. Fasili nzuri, nimeikariri, nimeijibia mtihani. Ila niliielewa baadaye, kwenye kitabu chembamba cha Shaaban kinachoitwa Adili na Nduguze, kilichotoka 1952.

Mfalme Rai anamtuma mtu wake, Ikibali, kwenda kuchukua kodi kwa Adili, mtawala wa Janibu. Adili ni mtu mwema, mji wake umetulia, mgeni anakirimiwa. Lakini usiku mgeni anaona jambo la ajabu. Adili anakwenda kwa manyani wawili aliowafunga, anawapiga mijeledi huku yeye mwenyewe analia, kisha anawalisha chakula kizuri na kuwabembeleza. Habari inamfikia mfalme, Adili anaitwa aeleze.

Manyani wale ni kaka zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu. Baba alipokufa urithi uligawanywa sawasawa. Kaka zake wakasafiri kibiashara, wakarudi mikono mitupu. Adili akawagawia mali yake. Wakapewa tena, na tena. Mwisho walipokuwa safarini pamoja naye, na Adili amepata mchumba na mali nyingi, wakamtupa baharini. Jini mmoja mwanamke, Huria, ambaye Adili aliwahi kumwokoa, akamwokoa yeye, akawageuza ndugu wale manyani na kumwamuru Adili awapige kila usiku.

Jamani, tuache majini kwanza. Tazameni lililo chini ya hadithi. Wahubiri wengi, nami nikiwemo ninapoandaa tafakari, tunaongea kana kwamba mtu mwenye husuda ni yule aliyenyimwa, na ukimpa atatulia. Shaaban anasema hapana. Hasidi na Mwivu walipewa. Kila alichowapa Adili kiliwakumbusha kwamba yeye ndiye mwenye kutoa na wao ndio wenye kupokea. Mkono ule uliowalisha ndio waliouchukia. Hili halimo kwenye fasili yangu ya mtihani. Limo kwenye kisa cha Yusufu na ndugu zake, ukisoma kwa makini, na limo kwa Kaini.

Tulikisoma kitabu hiki pale kigangoni Jumapili kadhaa baada ya ibada, mimi nikisoma kwa sauti na katekista akitafsiri Kimaasai pale Kiswahili cha Tanga kilipokuwa kizito. Nilitegemea wote watampenda Adili. Kijana mmoja, aliyebaki na ng'ombe wa baba yao wakati mdogo wake anasomeshwa mjini, alisema yeye hamlaumu Hasidi sana. Watu wakanyamaza. Akaendelea kwamba mdogo wake akija likizo huwa anamletea shuka jipya, tochi, sukari. Na kila akipokea zawadi ndipo anapomchukia zaidi, na alikuwa hajui chuki hiyo inatoka wapi, maana mdogo wake hajamkosea kitu.

Ameniruhusu kuandika hili mradi nisimtaje. Tulikuwa tumeshafanya semina nzima ya vilema saba vya dhambi, na chati ukutani, na mwaka mzima neno husuda lilikuwa pale limeandikwa kwa herufi kubwa. Hakuna aliyeinua mkono kusema hilo la kwangu. Walikuja manyani wawili wa kubuni, wenye mijeledi na machozi, ndipo mtu akafungua sanduku lake mwenyewe. Sikuwa na jibu la haraka la kumpa, wala sikujaribu. Tulitembea pamoja mpaka njia panda, akaniuliza kama wale ndugu waliachiwa. Nikamwambia ndiyo, Mfalme Rai aliwaombea msamaha, wakarudia sura zao za watu. Akauliza kama Adili aliwapokea. Nikamwambia aliwapokea. Akasema atafikiri.

Wapo wanaomlaumu Shaaban, tena wasomi, kwamba wahusika wake si watu bali ni majina. Adili ni mwadilifu tangu mwanzo hadi mwisho, Majivuno ana majivuno, Hasidi ana husuda, hakuna anayekushangaza. Kwa sehemu wana haki. Ukitoka kwa Kezilahabi, kwa mfano, ambaye watu wake wana uchafu na utakatifu ndani ya siku moja, hawa wa Shaaban wanaonekana wamepigwa pasi. Na kuna hatari ndani yake: msomaji hujiweka upande wa Adili bila kuulizwa. Kwenye maisha hakuna anayetembea na jina la Hasidi. Hasidi wa kweli anaitwa Emanueli, anaimba besi, na amelipa zaka. Lakini naona pia kwamba majina yale yana kazi yake. Ni kama kioo kilichoandikwa juu yake kinaonyesha nini. Yule kijana wangu hakuhitaji mhusika tata. Alihitaji jina la kitu kilichokuwa kinamla.

Pingamizi kubwa zaidi linatoka kwa mtu wetu wenyewe, Mtakatifu Augustino. Kwenye Maungamo anakumbuka alivyokuwa mwanafunzi akimlilia Dido, malkia wa kwenye utenzi wa Vergili, aliyejiua kwa ajili ya mapenzi, huku yeye mwenyewe akifa mbali na Mungu bila kutoa hata chozi. Hili halijibiki kwa kulipuuza. Wapo kati yetu wanaomaliza tamthilia ya Kituruki ya vipindi mia, wanalia mpaka macho yanavimba, na mama mzazi akiita kutoka jikoni wanamjibu kwa ukali. Hadithi inaweza kuwa mahali pa kujificha. Ila Augustino huyohuyo alipotaka kumweleza Mungu maisha yake aliyaandika kama hadithi, tena moja ya hadithi zilizosomwa sana duniani, na sidhani angeyaona machozi yale ya Dido kuwa ya kipuuzi kama asingekuwa amewahi kuyalia.

Kwa wale wanaojiuliza kama mseminari ana ruhusa ya kusoma mambo haya: Papa Fransisko, Mungu amrehemu, aliandika barua nzima juu ya nafasi ya fasihi katika malezi, tarehe 17 Julai 2024. Alianza akifikiria malezi ya mapadre, kisha akaona inawahusu Wakristo wote. Yeye mwenyewe alipokuwa Mjesuiti kijana alifundisha fasihi shuleni Argentina miaka ya 1964 na 1965. Anasema humo, kwa maneno yangu, kwamba anayesoma hadithi anajifunza kuona kwa macho ya mwingine na kusikia sauti ya mtu tofauti naye. Padre atakayekaa kwenye kiti cha kitubio bila kuwahi kusikia sauti za watu wa namna nyingine, mimi namwogopea. Kuhusu Shaaban kuwa Mwislamu, kumbukeni tu kwamba Mtakatifu Thomas alisoma kwa Ibn Sina na hakuona haya kumtaja.

Vitabu vyake vingine nitavipitia haraka. Kufikirika ni habari za mfalme mwenye kila kitu ila mtoto, na anavyohangaika na waganga wa kila aina. Mkiwa na shangazi aliyewahi kuhangaika hivyo mtakisoma kwa moyo mwingine. Utubora Mkulima ni mtu anayeacha kazi ya mshahara mjini na kwenda kushika jembe. Hicho kinanipa shida kidogo, maana kijiji cha Shaaban kina amani kuliko kijiji chochote nilichowahi kukaa, na mvua zake zinakuja kwa wakati. Lakini swali lake, kwamba mtu anahitaji kiasi gani ili awe mtu, bado halijazeeka.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Shaaban Robert aliuona, kwa miezi michache tu. Alifariki Juni 1962, akiwa na miaka 53, na alizikwa kwao Vibambani. Alikuwa amepata heshima, serikali ya Uingereza ilimpa nishani ya MBE, na alishapata tuzo ya Margaret Wrong kwa uandishi wake. Lakini miswada mingi ilibaki bila kuchapwa. Kufikirika ilitoka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka 1968, miaka sita baada ya mwenyewe kuingia kaburini. Aliziandika, akaziacha, hakuwahi kuzishika mkononi zikiwa vitabu.

Mkitaka kuanza, anzeni na Adili na Nduguze. Ni fupi, mtaimaliza kwa siku mbili hata kama mnachunga. Msianze na tenzi, mtakata tamaa. Msome wawili au watatu kwa sauti, TYCS mnaweza kufanya hivyo shuleni na VIWAWA kwenye vigango vyenu, na baada ya kila sehemu msikimbilie kuuliza hadithi inatufundisha nini. Kaeni kimya kidogo, mwacheni mtu aseme anayemwona. Nakala yangu msiniombe, ipo kwenye boma moja huku Enguserosambu tangu mwezi uliopita, na nimesikia mdogo mtu amekuja likizo na ameikuta.

Tuombeane.